Risala ya Waokotaji na Wakusanyaji wa Sarafu za Kale wa Pwani ya Kusini kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Malikale

Mheshimiwa Waziri, Mgeni Rasmi;
Waheshimiwa viongozi wa mkoa na wilaya;
Waakiolojia na wahifadhi wa magofu;
Wazee wetu, mabibi na mabwana:



Sisi ni wavuvi, wakulima, waongoza watalii na walimu wastaafu. Wapo miongoni mwetu waliookota sarafu ufukweni, na wapo waliozirithi kwa babu zao.

Mheshimiwa, sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hubeba jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina. Mwaka hazina. Umri wake hujulikana kwa mahali zilipolala na vitu zilivyolala navyo. Kwa hiyo mwokotaji akinyamaza, na mtaalamu asipomsikiliza, hasara ni ya wote wawili. Kwa heshima kubwa tunaleta kero zetu kama ifuatavyo.

1. Kuhesabiwa wezi. Tunajua kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inakataza kuchimba bila kibali. Hatuwatetei wanaokuja usiku na mashine za kutambua madini wakatoboa sakafu za magofu. Lakini mama anayekwenda kuchokoa pweza baada ya bamvua, akaiona sarafu juu ya mchanga, hutazamwa kwa jicho lilelile. Mwenzetu mmoja alipeleka sarafu ofisini kwa hiari yake. Alihojiwa kama mtuhumiwa hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo majirani zake hutia sarafu kwenye kopo la maziwa na kukaa kimya. Tunaomba utolewe mwongozo wa Kiswahili unaomtofautisha mwokotaji na mchimbaji haramu, nao usomwe katika mikutano ya vijiji.

2. Kukosa mahali pa kutoa taarifa. Tunatakiwa kutoa taarifa, lakini ofisi iko mbali, na nauli ya mashua na basi ni ya mwokotaji mwenyewe. Mheshimiwa, taarifa ndogo huzaa mambo makubwa. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakuwa mtaalamu, ila alitia alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 watafiti waliifuata ramani hiyo hadi kisiwani. Tunaomba kila ofisi ya mtendaji wa kijiji cha pwani iwe na daftari la kuandika mahali, tarehe, uzito na jina la mwokotaji, na picha ya sarafu pande zote mbili.

3. Kukabidhi bila stakabadhi wala kifuta jasho. Tumekuwa tukikabidhi vitu kwa mikono yetu, tukaambiwa tusubiri majibu. Tumesubiri kwa subira, na hatuna hata karatasi ya kuonyesha kuwa tulitoa. Mchuuzi wa mjini, kwa upande wake, hulipa papo hapo, na sarafu ikishavuka mpaka haionekani tena. Uingereza ina sheria ya mwaka 1996 kuhusu hazina zinazofukuliwa: aliyepata hazina na kuitolea taarifa hupewa malipo pale makumbusho inapoichukua. Tunaomba kila anayekabidhi apewe stakabadhi yenye picha, na kifuta jasho kiwekwe kisheria, ili uaminifu usiwe hasara kwa maskini.

4. Matokeo ya utafiti kutorudi kijijini. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na ndogo mno, pamoja na dinari chache za watawala wa Kifatimi. Dinari zile zina mwaka, na kwa kuwa zilikutwa pamoja na za fedha zisizo na mwaka, wataalamu waliweza kuzirudisha sarafu za pwani hadi karne ya 11. Kama hazina ile ingegawanywa kwa wanunuzi, elimu hiyo ingepotea. Hili ndilo somo ambalo lingewashawishi waokotaji kuliko vitisho vyote, lakini limeandikwa kwa Kiingereza na limekaa maktaba za mbali. Tunaomba kibali cha kuchimba kisihuishwe kabla mtafiti hajasoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya wanakijiji na kuacha kijitabu chenye picha katika shule iliyo karibu.

5. Hofu ya wenye sarafu za urithi. Zipo familia zenye sarafu zilizofungwa kwenye vitambaa tangu enzi za mababu. Hawathubutu kumwonyesha mtu, na mzee akifariki watoto huuza bila kujua wanachouza. Tunaomba utangazwe muda maalumu wa kuandikisha sarafu hizo bila mtu kukamatwa, zipigwe picha na kupimwa, na anayeridhia aziazime makumbusho kwa jina la familia yake.

6. Kulaumiwa bila kufundishwa. Waakiolojia hulalamika kuwa tunasugua sarafu kwa ndimu na mchanga. Ni kweli: kutu ya kijani hutoka, na maandishi hutoka nayo. Lakini hakuna aliyetufundisha, na katika machimbo vijana wetu huishia kubeba udongo. Wakati huohuo bahari inaendelea kula kuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Tunaomba vijana wafundishwe kusajili na kuhifadhi, na wapewe posho ya kukagua fukwe kila baada ya bamvua.

Mheshimiwa Waziri, kwa upande wetu tunaahidi kutochimba, kutowauzia wachuuzi, na kusema kila tulichookota kilipatikana wapi. Macho ya kwanza kuiona sarafu ni ya mwenyeji. Elimu ya kuisoma iko kwa mtaalamu. Uwezo wa kuwaketisha pamoja uko mikononi mwako, nasi tunaamini utautumia.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya waokotaji na wakusanyaji.