KWANZA HESABU, KISHA SAHIHI

Ndugu wafanyakazi, ndugu wanainchi wote wa Kongo!

Wachuuzi wa atomu wamerudi sokoni. Mwezi wa Desemba 2023, katika mkutano wa Dubai, inchi zaidi ya 20 zilitangaza kwamba zinataka umeme wa atomu duniani uongezwe mara tatu kufika mwaka 2050. Mwezi wa Juni 2025 Benki ya Dunia nayo ikaondoa katazo lake la zamani juu ya mikopo ya mitambo hiyo. Kesho au kesho kutwa mchuuzi atapiga hodi Kinshasa, na wako kati yetu watakaomshangilia wakisema: «Urani ni yetu, basi na mtambo uwe wetu!»

Sisi makarani wa migodi, ambao kazi yetu ni kuandika tani asubuhi na jioni, tunasema: ngojeni kwanza. Tupige hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi. Mawe ya kule yalikuwa tajiri ajabu: mengine yalikuwa na urani zaidi ya nusu, wakati migodi mingi ya inchi nyingine haipati hata sehemu moja katika mia. Mwaka 1940 kompani ya Union Minière ilipeleka tani zaidi ya 1000 New York, na urani ya Kongo ikaingia katika kazi ya mabomu yaliyoangukia Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Bei ilipatanwa kati ya wageni na wageni. Mkurugenzi wa kompani, Bwana Edgar Sengier, alipewa nishani na Wamarekani mwaka 1946. Na wale waliochimba? Nani kati yenu anajua jina la mmoja wao? Mwaka 1960 mashimo yalizibwa kwa saruji. Mwaka 2004 shimo likaporomoka pale pale, likaua ndugu zetu waliokuwa wakichimba kwa mikono kutafuta kobalti. Hiyo ndiyo faida iliyobaki mlangoni petu.

Hesabu ya pili ni ya soko lenyewe. Mjenzi mkubwa kuliko wote katika inchi za watu ni Rosatom, kompani ya serikali ya Urusi. Huyu hauzi mashini peke yake: anauza na mkopo, na urani ya kuwashia, na mafundi wa kuuendesha. Kwa mitambo minne ya El Dabaa, Misri ilipatana mkopo wa dola bilioni 25. Kule Akkuyu, Uturuki, mjenzi ni Mrusi, mwenye mali ni Mrusi, mwendeshaji ni Mrusi. Waturuki wameahidi kununua sehemu ya umeme kwa miaka 15, senti 12.35 za dola kila kilowati-saa. Tunauliza: mtambo huo ni wa nani?

Msidhani Mzungu wa upande wa pili ni rahisi zaidi. Wafaransa walianza mtambo wao wa Flamanville mwaka 2007, wakasema utagharimu euro bilioni 3.3 na kuwaka mwaka 2012. Ulitoa umeme wake wa kwanza Desemba 2024, na gharama imepita bilioni 13. Marekani, mitambo miwili mipya ya Vogtle imekula zaidi ya dola bilioni 30, na Westinghouse, kompani yenye ufundi ule, ilifilisika mwezi wa Machi 2017 kazi ikiwa bado njiani. Ikiwa mtu anachelewa miaka 12 kujenga nyumbani kwake, atawahi kwetu?

Watatujibu: «Mbona Wakorea wamewajengea Waarabu wa Falme mitambo minne ya Barakah, na wa mwisho umeanza kazi mwaka 2024?» Ni kweli, na ilijengwa vizuri. Lakini Mwarabu yule alikuja sokoni na pesa ya mafuta mkononi. Sisi tutakuja na nini? Tutaweka rehani shaba na kobalti ya watoto wetu. Dawa ya deni ni kulipa, na wakati wa kulipa wale waliotia sahihi watakuwa wamekwisha kwenda zao.

Hesabu ya tatu ni ya nyaya. Mtambo mmoja wa Kirusi wa siku hizi ni megawati 1200. Inga ya kwanza ya mwaka 1972 na Inga ya pili ya mwaka 1982, zote mbili pamoja, hazifiki megawati 1800. Mafundi husema mashini moja isipite sehemu ya kumi ya umeme wote wa inchi, kwa sababu siku inaposimama, yote huzimika. Na Wakongo wanne katika watano hawana taa. Nyaya za Inga zinatembea kilometa 1700 mpaka Kolwezi kulisha migodi, zikipita juu ya vijiji vyenye giza.

Hatuchukii ufundi wa atomu. Kongo iliwasha kinu cha atomu cha mafunzo mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, cha kwanza Afrika. Hakuna mtu atakayetuambia kwamba Mkongo hawezi kujifunza. Kinu cha pili kilisimama mwaka 2004. Basi, mwenye kupenda atomu kwa moyo aanze na wanafunzi wetu.

Tunadai haya. Mkataba wo wote wa urani au wa mtambo usomwe mbele ya watu, kwa lugha zetu nne za taifa, kabla ya sahihi. Tani zipimwe na Wakongo, na vitabu vya hesabu viwe wazi. Na kabla ya kukopa bilioni hata moja, vijiji vilivyo chini ya nyaya za Inga vipate taa.

Ndugu, someni karatasi hii, kisha mpeni jirani. Tuliuziwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Safari hii watuulize!

Kongo na idumu!