Njia za Miguu Zisifungwe

Lipo neno linalosemwa siku hizi hapa Kilema ambalo mimi silikubali hata kidogo: kwamba kutembea kwa miguu ni shida ya maskini na starehe ya wazungu. Wanaolisema ni watu waliosoma, na baadhi yao niliwafundisha mwenyewe chuo cha ualimu. Nao ndio wanaoziba njia.

Nasema kuziba kwa maana yake halisi. Tangu zamani vihamba vyetu vimepakana kwa masale, na kando ya masale palikuwa na kijia ambacho kila mtu alikipita. Leo mwenye nacho anajenga ukuta, anatia geti, na kijia kimekwisha. Daraja la magogo likioza korongoni halina wa kulitengeneza, kwani bodaboda zipo.

Msomaji asiyepajua kwetu asidhani natetea matembezi ya bustanini. Ondoka misheni ya Kilema alfajiri, panda ukifuata mfongo hadi karibu na msitu, kata kuelekea Marangu, kisha urudi kwa njia ya chini. Ugumu wa mzunguko huo hauko katika kupanda, uko katika kukata. Mlima umechanwa na makorongo. Nyumba ya ng'ambo, ambayo mwenyewe ungemwita akaitika, utaifikia baada ya kuteremka hadi mtoni ukishikilia mizizi na kupanda tena mwinuko uleule. Na hapo umevuka korongo moja tu. Wakati wa masika udongo huteleza kama sabuni. Mama zetu wamezipita njia hizi na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Mgeni akifika kilele cha Kibo, mita 5,895, hupewa cheti. (Simwonei wivu, kakistahili.) Mama hakupewa hata pole.

Watasema watoto wana masomo. Vema, tuzungumze masomo. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alitembea kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akafika hapa Kilema kwa Mangi Masaki. Tarehe 11 Mei aliuona weupe wa Kibo, akajua ni theluji. Kiongozi wake wa msafara alidhani ni baridi. Kule London msomi William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha kwa miaka kadhaa kwamba jambo hilo haliwezekani. Cooley alikuwa na maktaba, yule kiongozi alikuwa na miguu. Ni yupi aliyekuwa karibu na ukweli?

Shule moja, ambayo sitaitaja, huwapakia watoto kwenye basi hadi madukani mjini Moshi na kuiita safari ya mafunzo. Watoto hao huchora mto Naili vizuri sana, lakini waulize maji ya mfongo unaopita nyuma ya darasa lao yanatoka wapi, watatazamana. Nilipokuwa mkuu wa chuo niliwapeleka walimu wanafunzi hadi kwenye chanzo cha mfongo, nikawauliza wazee waliouchimba waliupimaje mteremko ule. Walirudi na tope hadi magotini, na mabishano yao hayakwisha wiki nzima.

Hoja ya usalama naikubali nusu. Korongo ni hatari, basi tengenezeni daraja. Bodaboda yenye watoto watatu wasio na kofia nayo si salama. Wala nisitajiwe hifadhi. Ukanda wa nusu maili uliingizwa kweli katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na huko hatuingii tupendavyo. Lakini kuta zilizoko huku chini vihambani hazikujengwa na hifadhi.

Katika mkutano wa kijiji nitataka mambo mawili: vijia vya zamani viandikwe kuwa ni vya wote kabla wazee wanaovijua hawajazikwa, na kila darasa la sita lipite mzunguko huo mara moja kwa mwaka pamoja na mwalimu wake. Kuhusu ukuta ulioziba kijia cha kwenda mtoni, mwenyewe ni jirani yangu, na nimekwisha mwambia ana kwa ana.