Wananchi waulizwe kabla mswada haujaandikwa

Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitangaza kwamba sheria tatu za afya zilikiuka Katiba, ikiwemo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyotiwa saini Oktoba mwaka uliotangulia. Kasoro kubwa waliyoiona ni kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha, na wakatoa siku 120 za kurekebisha mambo. Septemba, Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na Oktoba 1 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi mahali pa NHIF, hazina ya bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966. Ni rahisi kuichukulia kesi hiyo kama mvutano wa mawakili kuhusu taratibu. Mimi naona iligusa kiini cha jambo lenyewe. Sera ya afya inayotungwa bila wagonjwa na wachangiaji hukosea pale pale ambapo wao ndio wenye ujuzi, na kosa hilo hulipiwa wodini.

Chukua suala la malipo. Chini ya NHIF, mwajiriwa hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, bila kikomo cha juu. Huo ni mjadala mmoja, na hoja ya kwamba mwenye nacho amchangie asiye nacho ina uzito. Lakini kwa asiye na mwajiri, kiwango hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali ya kaya yake, hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, na alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Pesa ya mama mboga, ya mwendesha bodaboda au ya kibarua wa mashambani huingia leo na kutumika leo. Jambo hilo halihitaji utafiti. Angeulizwa yeyote kati yao, angelisema katika kikao cha kwanza, na pengine angeeleza pia jinsi chama chao kinavyokusanya michango midogo midogo bila mtu kukwama. Baadaye serikali ilibuni mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili watu wapate mkopo wa kulipia mchango huo na kuurejesha kidogo kidogo. Mpango huo ni ushahidi kwamba tatizo lilikuwa la kweli. Kinachoumiza ni kwamba ujuzi wa kuliepuka ulikuwa umejaa sokoni na kwenye vituo vya bodaboda tangu mwanzo.

Wapo wanaosema afya ni uwanja wa wataalamu, na kwamba mwananchi hawezi kujadili viwango vya bima wala sheria za dawa. Kenya ina jibu lake tangu 2012. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, likiwa na nia njema kabisa. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikwenda Mahakama Kuu wakieleza kwamba maneno ya sheria hiyo yangeweza kuzihesabu dawa za bei nafuu, zinazotengenezwa kihalali bila jina la kampuni asilia, kuwa dawa bandia. Hizo ndizo zilizokuwa zikiwaweka hai. Mahakama ilikubaliana nao. Walioandika sheria hawakukosa elimu. Walichokosa ni mtu anayemeza dawa kila siku na anayejua hasa imefikaje mkononi mwake.

Wengine hutaja dharura: mlipuko ukitokea, nani ana muda wa kuitisha mikutano? Tazameni Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa huko Agosti 2018 ulipata kitu ambacho Afrika Magharibi haikuwa nacho mwaka 2014, yaani chanjo inayofanya kazi. Hata hivyo ulidumu hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Beni na Butembo ni maeneo yaliyokuwa yameteseka kwa mauaji ya miaka mingi, na wakazi wake wakaona misafara ya magari ikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Desemba 2018 wakaondolewa kwenye uchaguzi wa rais, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu. Ujumbe wa afya nao mara nyingi uliwafikia kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, wakati wengi walitaka kuelezwa kwa Kinande au kwa Kiswahili cha kwao. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, wahudumu wakauawa. Vita vilichangia sana, hilo halina ubishi. Lakini kutowasikiliza watu hakukuokoa muda. Kila familia iliyomficha mgonjwa wake iliwarudisha nyuma wote.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni hili: mlango ukifunguliwa, wa kwanza kuingia ni mwenye pesa. Kanuni za Kenya za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 zilipingwa mahakamani na British American Tobacco, na moja ya hoja za kampuni hiyo ilikuwa kwamba ushirikishwaji wa umma haukutosha. Ngao ya wananchi ilikuwa imeshikwa na mtengenezaji wa sigara. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Novemba 2019 iliikataa rufaa ya kampuni. Hukumu hiyo haikuishia hapo. Iliweka vigezo: ushirikishwaji uwe wa kweli wala si wa kujionyesha, kinachojadiliwa kieleweke, wadau wapate nafasi yenye uwiano ya kushawishi uamuzi, na umma uelimishwe kwanza kuhusu jambo lenyewe. Aidha, Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, katika kifungu cha 5.3, unazitaka nchi zilinde sera zake dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Kwa hiyo kusikilizwa si sawa na kupewa kalamu. Anayeuza kinachodhuru anaweza kuwasilisha maoni yake hadharani, huku maslahi yake yakijulikana. Mashirika ya kiraia nayo yatangaze nani anayafadhili, hata yale tunayoyapenda.

Kwa vigezo hivyo, utaratibu uliozoeleka unapwaya. Mswada huja ukiwa umekamilika, tangazo hutoka gazetini, siku chache hutolewa za kuleta memoranda, kikao hufanyika katika ukumbi wa mji mkuu wa kaunti, na aliyezungumza hajui kamwe maneno yake yaliishia wapi. Hapo mtu anaombwa aidhinishe, haombwi maoni. Sheria ya bima imeunda jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo. Mapendekezo yake yanagusa moja kwa moja mtu anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki, mama anayejifungua, na hospitali ya misheni inayosubiri kulipwa. Kila jopo hilo linapopitia viwango, lianze kwa kuwaita wagonjwa wa figo na wa saratani, wakunga, wahudumu wa afya ya jamii na vyama vya wafanyabiashara wadogo, kwa lugha wanayoizungumza, kabla tarakimu yoyote haijaandikwa. Kisha Wizara ichapishe, pamoja na viwango vipya, orodha ya maoni yaliyopokelewa, yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani.