Malindi waulizwe kwanza

Darajani hakuna daraja. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa zamani, likabaki jina. Forodhani nako hakuna forodha. Ni bustani tangu miaka ya 1930. Pwani ya mji wetu wa Zanzibar haijapata kutulia kizazi hata kimoja, nasi hatudai itulie.

Sasa ni zamu ya bandari ya Malindi. Serikali imekusudia kuhamishia shehena Mangapwani, kilometa 20 hivi kaskazini ya mji, Malindi ibaki bandari ya abiria na watalii. Tunaunga mkono. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake havikujengewa malori. Lakini shehena ikiondoka, kitabaki kiwanja kando ya bahari, katikati ya mji, na kiwanja kama hicho hakikosi wa kukitamani.

Ndiyo maana tunataka wananchi waulizwe kabla ya mchoro wa kwanza. Tumezoea mikutano inayoitishwa picha zikiwa zimeshachapishwa, miti imepangwa, hoteli imesimama. Kisha mzee wa mtaa anapewa dakika mbili atoe maoni. Mzee huyo hakuulizwa kitu.

Na wapo wa kuulizwa. Mvuvi anajua bamvua hupandisha maji mpaka wapi, na upepo upi unamnyima pa kufunga mashua. Mchukuzi anajua abiria wa Pemba na Dar es Salaam wanakwama wapi na mizigo yao. Dalali wa samaki atasema mnada hauendi bila maji safi, barafu na kivuli. Vijana wanaochupa baharini pale ukutani maji yakijaa nao wana la kusema: huo ndio mchezo wao, na hauna kiingilio.

Forodhani inatupa moyo. Ilipofunguliwa upya mwaka 2009, baada ya kutengenezwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, wauza vyakula hawakufutwa katika bustani. Ndiyo maana jioni mwenyeji na mgeni bado wanakutana pale kwenye mishikaki na maji ya miwa. Shangani inatupa tahadhari. Jengo la Mambo Msiige liligeuzwa hoteli, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wasiwasi wake kuhusu ujenzi ule. Jengo likishasimama, wasiwasi hauliondoi.

Tunaitaka Serikali, pamoja na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ianzie kwa masheha wa Malindi na jirani zao. Mikutano ipangwe saa ambazo wavuvi wamerudi nchi kavu, na akina mama wapewe nafasi ya kusema, wasiitwe kujaza viti. Mambo mawili yaandikwe mapema, tena kwa nguvu ya sheria: kila mtu apite kando ya bahari kwa miguu, bila geti wala mlinzi, na wavuvi wawe na pao, hapo hapo Malindi.

Michoro nayo ibandikwe mnadani, kwa Kiswahili, kabla mkataba wowote haujatiwa saini.