Kwanza tufunge njia kati ya ruta

Ndugu zetu wa kambini, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma,

Kila mkutano tunasikia ombi lile lile: ongezeni ruta, blok yetu haina waifai. Ombi ni la haki. Lakini sisi tunasema subirini, mpaka zile nane tulizonazo zifungwe vizuri.

Mtandao wetu ni wa meshi, yaani ruta moja inapokea kutoka kwa nyingine na kupitisha mbele, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Waya hakuna, ni hewa tu. Mwezi uliopita kwenye mafunzo tuliweka laptopu katikati ya ruta mbili, tukafungua programu ya kunasa mawimbi. Mwenzetu akajaza fomu ya shirika moja kwa simu yake, kwa majina ya kubuni. Jina, namba ya familia, blok, sababu ya kukimbia nyumbani: vyote vikatokea kwenye laptopu, wazi kabisa. Na paswedi tulikuwa nayo! Ndiyo, ila ilifunga njia ya simu hadi ruta. Ruta kwa ruta palikuwa wazi, na fomu yenyewe ilikuwa kwenye tovuti isiyo na alama ya kufuli.

Jamani, mtu aliyekimbia watu wenye silaha anaweza kuwa anaishi mistari miwili tu kutoka kwa ndugu zao.

Tunajua mtasema simu zetu ni za zamani, mkileta WPA3 wengi tutabaki nje. Kwa simu ni kweli. Lakini simu haigusi njia ya kati ya ruta. Pale kuna mashine zetu tu, na kiwango cha meshi, 802.11s, kina SAE, njia ile ile ya kupeana ufunguo iliyomo ndani ya WPA3. Basi simu zibaki na WPA2 kwa sasa, ruta zitumie SAE. Kwa ruta zetu ni kubadilisha programu, siyo kununua mpya.

Kwa wafanyakazi tuna neno moja zaidi. Usimbaji huu unafunguliwa na kufungwa upya kwenye kila ruta. Ruta ya juu ya kioski ikiibwa, paswedi ya meshi imeondoka nayo, lazima tubadilishe zote. Kwa hiyo fomu zenu ziwe za HTTPS. WhatsApp inasimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu 2016. Maelezo ya mtu anayeomba ulinzi yasilindwe chini ya salamu za harusi.

Ruta mbili tumeshabadilisha. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe, zile sita zilizo wazi hazizitaki tena. Ndiyo maana Jumamosi mtandao utazimwa kutwa nzima, tumalize zote. Moja iko juu ya tangi la maji. Mwenye ngazi ndefu atutafute.