Makamanda, Turudi Kwenye Wino

Makamanda, naanza na kosa langu mwenyewe. Mtandao uliporudi Novemba 3, 2025, baada ya kuzimwa tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, simu yangu ilimwaga picha hadi ikapata moto. Moja ilionyesha vijana wamelala barabarani, chini imeandikwa "Mwanza, leo". Sikuuliza leo ipi. Nikafowadi kwenye magrupu manne. Jioni mama mmoja wa Mkolani akaletwa kwetu na majirani, analia. Kwenye ile picha kaona fulana ya mistari kama ya mwanae, na mwanae hapatikani. Kumbe kijana yuko Sengerema kwa mjomba wake, simu haina chaji. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, tena ya nchi nyingine kabisa.

Yule mama hakunitukana. Aliniuliza tu: "Wewe si ndiye wa chama?"

Tunalalamika kuzibwa midomo, na tuna haki. X ilifungwa Mei 2025. JamiiForums ikasimamishwa siku 90 mwezi Septemba. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka hata blogu iwe na leseni ya kulipia. Lakini mahali pa kuuliza "hii ni kweli?" pakifungwa, uongo haufungwi. Unapanda bodaboda, unashuka stendi ya Nyegezi, unaingia sokoni. Wao wanazima taa, na sisi wengine humohumo gizani tunauza uvumi.

Wazee wetu wa huku Ziwa walionja haya kabla yetu. TANU ilipigwa marufuku Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Chama kilikuwa na jarida lake, Sauti ya TANU, lililotolewa kwa stensili: unapiga taipu kwenye karatasi yenye nta, herufi zinaikwangua nta, unaivisha kwenye pipa la wino, unazungusha mkono, kurasa zinatoka. Toleo la 29, la Mei 1958, lilimpeleka Nyerere mahakamani kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa serikali ya kikoloni. Alitiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa faini.

Tunapenda kuisimulia kesi ile kwa sababu ya ushujaa. Mimi siku hizi naiwaza kwa jambo dogo zaidi: palikuwa na mtu wa kushtakiwa. Jarida lilikuwa na namba, tarehe na mhariri. Picha yangu ya barabarani mhariri wake nani? "Imefowadiwa mara nyingi", basi.

Stensili imepitwa na wakati, sawa. Ila hapa hapa Nyegezi wapo vijana wanaochapa namba za jezi kwa fremu ya mbao na kitambaa chepesi. Na kila aliyesoma bweni anaujua muhuri wa ndala (usinikatalie, zile ruhusa za kwenda mjini nani alizigonga?). Nilikaa usiku mmoja na wembe na soli ya ndala nikachonga maneno matatu tu: "Tulichokiona Sisi Wenyewe".  N ilinigeukia nikaanza upya. Herufi unazichonga kinyume, kulia kwenda kushoto. Ilinichukua karibu saa tatu. Kwa mwendo ule, lazima ujiulize kama unachokichonga ni kweli.

Pendekezo langu: karatasi moja ya ukutani kila wiki. Kichwa cha kuchonga, habari tatu tu, kila moja na tarehe, mahali na aliyeiona. Tukikosea, sahihisho linakaa juu kabisa wiki inayofuata.

Kamanda mmoja kaniambia kuweka jina kwenye karatasi ni kujipeleka mwenyewe polisi. Simuiti mwoga. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilitungwa ikimbana mwandishi na mchapaji. Ndiyo maana sitaki mtu asimame peke yake. Tawi ligonge muhuri wake, wote tuwe nyuma yake. Kama habari hatuthubutu kuigongea muhuri wa tawi, ilikuwaje tukairusha kwa watu mia nane?

WhatsApp sitoki, msije mkaninukuu vibaya. Karatasi haifiki Ukerewe kwa sekunde. Lakini mtandao ukizimwa utaambiwa ni bando lako limekwisha, wakati karatasi ikibanduliwa alama ya gundi inabaki ukutani, na kila anayepita anajua palikuwa na kitu.

Fremu ya kwanza imeshagongwa misumari. Kitambaa ni pazia la dada yangu, kwa ruhusa yake. Jumamosi baada ya kikao cha tawi tunachapa toleo la 1, njoo na ndala iliyokatika. Nafasi ya juu nimeiomba mimi, kwa ajili ya sahihisho la ile picha. Yule mama wa Mkolani amekubali kulisoma kabla halijabandikwa.