Kuiga Mashine si Kuiba Gemu

Emuleta ni programu inayoiwezesha kompyuta au simu kufanya kazi kama mashine nyingine. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilitumia prosesa ya kasi ya takriban megahezi 34, na amri zilizomo kwenye CD zake hazisomeki na prosesa ya simu ya leo. Emuleta huzichukua amri hizo, huzigeuza ziwe za aina inayofahamika na simu, kisha huiga pia chipu ya picha na ya sauti. Ugumu upo kwenye kupatanisha muda: chipu hizo zilifanya kazi sambamba, na moja ikichelewa hata kidogo, sauti inaweza kukatika au gemu kukwama.

Je, ni halali? Katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyounda emuleta ya PlayStation, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation kwa ajili ya kuichunguza, ili kuunda emuleta isiyobeba msimbo wa Sony, hakuvunji hakimiliki. Kosa ni kusambaza nakala za gemu bila idhini. Watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali mwaka 2024 kuilipa Nintendo dola milioni 2.4, lakini Switch ilikuwa bado inauzwa madukani, na dai kuu lilihusu kuvunja kufuli za kidijitali. Si haki kuzihukumu emuleta za mashine zilizokwisha kuachwa kwa kipimo hicho.

Sony yenyewe, ilipouza PlayStation Classic mwaka 2018, iliweka ndani yake PCSX ReARMed, emuleta iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Kampuni ilinufaika na kazi ileile ambayo maktaba huzuiwa kuitumia kikamilifu.

Na maktaba zinaihitaji. Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununuliwa. Hata hivyo, Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali, ruhusa ambayo programu nyingine za kompyuta zilikwisha kuipata. Uamuzi huo unastahili kubadilishwa, kwa sababu mtafiti aliye mbali bado analazimika kusafiri hadi kwenye jengo la maktaba kutazama gemu ambayo hakuna anayeiuza.